Prosesi tatu, tukio moja: nani anamsubiri nani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu hapa Dodoma, nasoma sayansi ya kompyuta. Kwenye test tulipewa prosesi tatu zinaenda sambamba, zote zina tukio moja linalofanana, tukaulizwa nini kinatokea. Nikajibu wawili wanasinkronaizi, wa tatu anabaki anasubiri zamu yake. Nikala sifuri. Lakini kwenye notsi zangu imeandikwa kabisa kwamba kusinkronaizi ni kwa wawili wawili. Afu kitu kingine kinanichanganya, hakuna saa, hakuna foleni ya meseji, hakuna chochote katikati yao, sasa nani anamwambia nani kwamba tayari? Naomba unisaidie kabla ya UE, mtihani wa chuo."

Marahaba mdogo wangu, na mbukwenyi wote mnaosoma. Kwa walio wageni: prosesi ni programu inayotembea hatua kwa hatua, na tukio ni hatua mojawapo inayofanya.

Kwanza nikutoe wasiwasi, jibu lako siyo la kijinga. Ni jibu sahihi la swali lingine. Ulichofanya ni kujibu kwa sheria za Milner swali lililotungwa kwa sheria za Hoare, wanasayansi wa kompyuta wawili, kila mmoja na nadharia yake ya prosesi sambamba, na kosa hilo nimeliona mara nyingi mpaka sasa nikisahihisha nalijua kabla sijafika mwisho wa mstari. Nitakuonyesha hapo chini jinsi mfumo uleule, herufi kwa herufi, upande mmoja unatembea vizuri na upande wa pili unakwama.

Lakini tuanze na hiyo ya saa maana ndo mzizi. Neno lenyewe linatudanganya, ukisikia kusinkronaizi unafikiria watu wawili wamelinganisha saa zao wanafanya kitu dakika ileile. Futa hiyo picha. Kwenye nadharia ya prosesi sambamba mara nyingi muda haupo kabisa, kuna mpangilio tu, kipi kabla ya kipi. Kiswahili hapa kimetupa neno zuri kuliko la vitabuni: kusubiriana. Prosesi kusinkronaizi ni prosesi kusubiriana, basi, na unaposubiriana na mwenzako kuna sababu mbili tu za msingi, ama mpishane ama mkutane.

Kupishana ni kama treni kwenye ile reli ya kati ya zamani, ya mita moja, njia ni moja tu. Treni inayotoka Dodoma kwenda Bahi na inayotoka Bahi kuja Dodoma haziwezi kuwa kwenye kipande kilekile kwa wakati mmoja, kwa hiyo moja inakaa stesheni inasubiri. Semafo ya Dijkstra, kihesabu kinachoamua prosesi ipi ipite na ipi isubiri, jina lake limetoka hukohuko kwenye alama za reli, zile mikono inayoinuka na kushuka. Yule mzee alikuwa Mholanzi ndo maana operesheni zake zinaitwa P na V na hakuna anayeelewa herufi hizo, V ni kuongeza kwa Kiholanzi na P inatokana na neno alilolitunga mwenyewe lenye maana ya kujaribu kupunguza. Usipoteze usiku kutafuta maana ya P.

Kwa nini kupishana ni lazima? Chukua kibanda cha wakala wa pesa za simu, wahudumu wawili, daftari moja la floti, limeandikwa 500,000. Mmoja anapokea 100,000 ya kuongeza, mwenzake anatoa 50,000. Kila mmoja ana hatua tatu: asome daftari, apige hesabu, aandike jibu. Wote wakisoma 500,000 kabla mwenzao hajaandika, mwisho wa siku daftari litasema 600,000 au 450,000 kutegemea nani kaandika mwisho, wakati ukweli ni 550,000. Sasa hesabu: hatua tatu za huyu na tatu za yule unaweza kuzichanganya kwa njia 20, na katika hizo 20 zinazotoa jibu sahihi ni mbili tu, ile ambayo wa kwanza anamaliza zake zote ndo wa pili anaanza, na kinyume chake. 18 zote ni hasara. Jaribu kuziandika kwenye karatasi usiniamini tu. Na ubaya ni kwamba ukiitesti programu kwenye laptop yako utaangukia zile mbili mara elfu unasema iko poa, ukaipeleka kwa wateja ndo 18 zinaanza kujitokeza.

Kuzuia hilo bila msaada wa hadwea kulisumbua watu sana. Dekker, Mholanzi mwingine, ndo alipata suluhisho la prosesi mbili, Dijkstra akachapisha la prosesi nyingi mwaka 1965, halafu 1981 Peterson akaja na la wawili ambalo ni fupi mpaka unacheka. Mimi hulifundisha kwa adabu za mlangoni. Watu wawili wamefika mlangoni pamoja, kila mmoja anainua mkono kusema "nataka kupita", halafu kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe". Kanuni ni hii: unasubiri kama mwenzako bado ameinua mkono NA neno la mwisho la "tangulia" lilisemwa na wewe. Kwa kuwa hawawezi wote kuwa wa mwisho kusema, mmoja lazima apite. Akishapita anashusha mkono. Imeisha hiyo. (Angalizo kwa mnaotaka kuiandika leo: prosesa za siku hizi zinachelewesha maandishi kufika kwenye memori, kwa hiyo unainua mkono na mwenzako haoni bado, anapita, mnagongana. Bila kuweka amri ya kizuizi cha memori Peterson kwenye kompyuta yako ya kawaida inaweza kuvunjika. Kwenye karatasi iko salama.)

Haya, sasa kukutana, ndo swali lako lilipo.

Twende Hombolo, hapahapa Dodoma, msimu wa zabibu. Mkulima analeta kreti, zinapimwa, analipwa. Mnunuzi yupo, na karani wa ushirika yupo na daftari lake. Kupima siyo kazi ya mtu mmoja, mkulima haamini mzani kama hayupo, mnunuzi hakubali kilo ambazo hakuziona, karani haandiki alichosimuliwa. Tuandike:

MKULIMA = leta → pima → lipa → MKULIMA
MNUNUZI = pima → lipa → MNUNUZI
KARANI = pima → andika → KARANI

Mshale maana yake "halafu". Kila mmoja ana alfabeti yake, yaani orodha ya matukio yanayomhusu. Kwenye CSP (Communicating Sequential Processes), nadharia ya Hoare, ile ya kitabu cha 1985, sheria ni moja na ni kali: tukio lililomo kwenye alfabeti ya watu kadhaa halitokei mpaka WOTE wawe tayari nalo, na likitokea linatokea mara moja kwa wote. Pima ipo kwa wote watatu, kwa hiyo watatu wanakutana. Lipa ipo kwa mkulima na mnunuzi tu, karani hahusiki, hata akiwa amelala wanalipana. Leta ni ya mkulima peke yake, andika ni ya karani peke yake, hizo zinatokea bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo jibu la test yako lilikuwa: wote watatu, kwa pamoja, tukio moja.

Angalia sasa uzuri wake, baada ya kupima mara ya kwanza nini kinaweza kufuata? Lipa lazima iwe kabla ya leta inayofuata kwa sababu ya mkulima, lakini andika ya karani inaweza kukaa popote: kabla ya lipa, katikati, au baada ya leta. Njia tatu. Halafu pima ya pili haiwezi kutokea mpaka karani awe ameshaandika ya kwanza. Umeona? Hakuna saa hata moja hapo, hatujui karani anaandika kwa sekunde au kwa nusu saa, ila tunajua kwa uhakika kwamba hatapitwa na kreti mbili. Mpangilio wote umetoka kwenye kusubiriana kwenye pima.

Sasa chukua watu haohao uwapeleke kwa Milner, kwenye nadharia yake ya 1980, CCS (Calculus of Communicating Systems). Kule mkutano ni wa kupeana mkono, wawili tu, na pande zake hazifanani: mmoja anatoa, mwingine anapokea. Tuseme mkulima anatoa pima na anatoa lipa, mnunuzi anapokea pima na anapokea lipa, karani anapokea pima, na tumezifungia pima na lipa zisitokee nje ya kundi hili. Mkulima kaleta mzigo, anatoa mkono wa pima. Mikono ya kupokea ipo miwili, wa mnunuzi na wa karani. Nani anapewa? Yeyote, modeli haichagui. Wakishikana mnunuzi na mkulima, sawa, wanalipana, maisha yanaendelea. Lakini akishikwa na karani je? Karani anaandika, anarudi kusubiri pima nyingine. Mkulima sasa anataka lipa, ila mnunuzi bado yuko kwenye pima, hajapima kitu, hawezi kupokea lipa. Mkulima anasubiri mnunuzi, mnunuzi na karani wanasubiri mkulima. Wamekwama milele. Na hata kama raundi ya kwanza ilienda vizuri, raundi ya pili inaweza kuangukia kwa karani.

Ndo maana nasema jibu lako "wawili wanaungana wa tatu anasubiri" ni Milner mtupu. Kitu kingine cha CCS ambacho wanafunzi wanakisahau, wakishapeana mkono tukio linageuka kuwa la kimya, linaandikwa kwa herufi ya Kigiriki tau, mtu wa nje haoni tena na hawezi kujiunga. Kwenye CSP tukio linabaki wazi mpaka wewe mwenyewe uamue kulificha, kwa hiyo mtu wa nne, tuseme bwana shamba, anaweza kuja kesho akaweka pima kwenye alfabeti yake na akawa sehemu ya mkutano. Mimi binafsi nikiandika masharti ya mfumo napenda ya Hoare kwa sababu hiyo, unaongeza sharti kwa kuongeza prosesi. Nikiwaza mtandao, nani kamtumia nani, ya Milner ndo inakaa vizuri, na yeye mwenyewe alikuja kuiendeleza 1992 na wenzake Parrow na Walker ikawa pai-kalkulasi ambako hata njia za mawasiliano zenyewe zinaweza kutumwa kama meseji.

Na hiyo notsi yako inayosema wawili wawili pengine imetoka kwenye makala ya Hoare ya 1978, maana CSP ya 1978 na ya 1985 ni ndugu ila siyo pacha. Ile ya kwanza prosesi inamtaja mwenzake kwa jina, wawili tu. Anayejua lugha ya programu ya Go atakwambia "channel" zake, yaani njia za kupitishia meseji, zinatokana na CSP, ni kweli, lakini zinampa mpokeaji mmoja tu, ukiweka prosesi mbili zinapokea kwenye channel moja zitagombania, hazitakutana. Kwa hiyo ukijifunzia Go ukaenda kufanya test ya kitabu cha 1985, ndo hayo yaliyokupata.

Kabla sijaendelea, kwenye CSP pia unaweza kukwama, usidhani kule ni peponi. Badilisha mnunuzi mmoja tu, yule mwenye haraka anayetaka malipo yafanyike kwanza ndo apime:

MNUNUZI = lipa → pima → MNUNUZI

Mkulima analeta, halafu anataka pima. Mnunuzi anataka lipa. Pima inamhitaji mnunuzi, lipa inamhitaji mkulima. Kimya. Hiyo ni dedloki, na ona kwamba hakuna kufuli hata moja, hakuna rasilimali mtu kaishikilia, kuna duara la kusubiriana tu. Kwenye kozi ya operating system mnafundishwa masharti manne ya Coffman ya 1971 yanayoongelea rasilimali, yako sahihi kwa mambo ya kupishana, ila kwenye kukutana kitu cha kutafuta ni lile duara.

Kuna mtego mwingine hapa na niliuona kwenye mtihani mmoja zamani ukaangusha nusu ya darasa. Mnunuzi wa kwanza akishapima anakuuliza: keshi au simu? Unachagua wewe. Mnunuzi wa pili ameshaamua moyoni toka anapima, hakwambii, ukimaliza kupima ama ana keshi tu ama ana simu tu. Ukiandika mifuatano yote inayowezekana, wote wawili wana ileile: pima-keshi, pima-simu. Sawasawa kabisa. Lakini wewe mkulima usiye na simu, kwa wa kwanza hukwami kamwe, kwa wa pili kuna siku unakwama. Maana yake mifuatano ya matukio haitoshi kueleza prosesi, inabidi uangalie pia nini inaweza kukataa na wakati gani. Watu wa CSP wanahesabu makatao, watu wa CCS wanatumia kitu kinaitwa bisimulesheni alichokileta Park 1981, kila hatua yangu uweze kuiiga na baada ya kuiga bado tulingane. Ukiulizwa "je prosesi hizi ni sawa" uliza kwanza sawa kwa kipimo gani.

Sasa nani anamwambia nani.

Kwenye nadharia, hakuna. Tukio ni la pamoja kwa tamko, kama unavyosema pembetatu ina pande tatu, huulizi nani kaziweka. Swali lako ni la utekelezaji na ni swali halali. Kwenye kompyuta moja mkutano wa watatu unaujenga kwa vitu vya kupishana: unaweka kihesabu, unakilinda kwa kufuli, kila anayefika anaongeza moja, akikuta bado hawajatimia watatu analala, wa tatu akifika anawaamsha wote. Angalia usije ukatumia geti moja kwa raundi zote, kuna mmoja mwenye mbio atatoka, atazunguka, ataingia raundi ya pili wakati mwenzake bado hajatoka ya kwanza, hesabu inachafuka. Weka mageti mawili, la kuingia na la kutoka.

Ugumu wa kweli unaanza pale prosesi ikiwa na uchaguzi, niko tayari kwa hiki AU kile, maana ukishamwambia mmoja nipo inabidi uwe na njia ya kumwambia samahani nimeshakutana na mwingine, na yeye wakati huohuo anaweza kuwa anakughairi wewe. Walioitengeneza lugha ya programu ya Occam miaka ya 80 kwa ajili ya chipu za transputa kule Uingereza walikwepa shida hii kwa kuruhusu uchaguzi upande wa kupokea tu, anayetuma akishaamua kutuma haruhusiwi kubadili mawazo. Ujanja wa fundi huo, unapunguza uhuru kidogo unapata kitu kinachotembea.

Ukitoka kompyuta moja ukaenda kwenye mtandao unaopoteza meseji, mkutano wenye uhakika wa pande zote mbili hauwezekani kabisa. Nikikutumia "nipo" sijui kama imefika mpaka ujibu, ukijibu hujui kama jibu limefika mpaka nijibu tena, haina mwisho. Na mwaka 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kitu kizito zaidi, kwamba hata meseji zikifika zote, kama hakuna kikomo cha ucheleweshaji na prosesi moja tu inaweza kuzima ghafla, hakuna algoriti isiyo ya kubahatisha inayohakikisha kundi litafikia uamuzi mmoja kila mara. Sababu ukiitazama ni ileile ya kusubiriana: huwezi kutofautisha mwenzako aliyechelewa na mwenzako aliyekufa, kwa hiyo hujui kama uendelee kusubiri.

Hapo utaniuliza mbona Peterson alifanikiwa kwa kusoma na kuandika tu. Alifanikiwa kwa sababu anaruhusu mtu asubiri mlangoni, na aliyeko ndani akifa na mkono juu, wa nje anasubiri mpaka kiama. Herlihy mwaka 1991 aliuliza, je kama haturuhusu mtu kumsubiri mwenzake kabisa? Akaonyesha kwamba kusoma na kuandika peke yake hakutoshi hata kwa prosesi mbili kukubaliana, foleni inatosha kwa wawili ila siyo watatu, na ile amri ya prosesa ya linganisha-na-badilisha inatosha kwa idadi yoyote. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuithamini amri hiyo.

Kwa UE yako: ukipewa prosesi, kabla hujaandika kitu kingine chochote andika alfabeti ya kila moja pembeni, halafu chora nani anashiriki tukio gani. Kama swali halijasema ni CSP au CCS, tafuta dalili, kukiwa na mistari juu ya herufi (alama ya upande unaotoa) au tau ni Milner, kukiwa na mishale na alfabeti ni Hoare. Ukishindwa kabisa andika "nachukulia kwamba ni CSP" uendelee, mimi ningekupa maksi.

Na ukitaka kujipima, ongeza mkulima wa pili mwenye prosesi ileile kama wa kwanza, kwa sheria ya CSP na alfabeti ileile. Utakuta wakulima wawili wanalazimika kupimiwa mzani mmoja kwa pamoja na kulipwa kwa pamoja, kitu ambacho hakuna mkulima wa Hombolo atakikubali. Tafuta uwaunganishe vipi wale wawili kwanza, kabla hujawaunganisha na mnunuzi na karani, nitumie ulichopata.